Kilichobaki Kwenye Kitambaa

Kwanza niseme mimi si mtu wa hospitali. Niliishia darasa la saba kule Mpui, na mengi waliyonieleza madaktari niliyaitikia "ndiyo" huku sijayashika. Ukitafuta hapa maelezo ya ugonjwa wenyewe hutayapata, au utayapata yamepinda. Nitakachoandika ni jinsi nilivyoishi miezi mingi kwa kunywa tu. Najua hivi sasa yupo mtu, Sumbawanga hii hii au Nkasi huko, ambaye ameanza kusukuma kila tonge kwa maji na hajamwambia mtu.

Na mimi ndivyo nilivyoanza. Ulikuwa wakati wa kuvuna ulezi, baridi imekaza, kila mtu na sweta mbili. Tonge la ugali likawa linasimama chini kidogo ya koo, kama mgeni aliyefika mlangoni akasahau alichofuata. Nikinywa maji linashuka. Nikasema ni baridi. Baadaye nikasema ni vidonda vya tumbo. Mume wangu, Baba Deo, ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, lakini siku moja aliweka tonge lake chini akaniuliza, "Mama Deo, mbona siku hizi unakula kama unamuaga mtu?"

Nilicheka. Usiku ule sikulala, kwa sababu alikuwa amelisema lile nililokuwa nalikimbia.

Sitaeleza sana habari za bomba lenye taa walilonipitisha kooni. Linavumilika, usiliogope kuliko lenyewe lilivyo. Kibaya ni benchi la kusubiri majibu. Nilikaa nikitazama mlango wa daktari, kila ukifunguka, akiitwa mwingine nashukuru kwamba si zamu yangu, na papo hapo naona aibu kushukuru. Nilipoingia, daktari alisema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, ni kansa, ila inaonekana haijasambaa. Nitapewa dawa kwa dripu, raundi kadhaa, kisha nitapasuliwa. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonitawala kuanzia siku ile.

"Mama, ugonjwa tutapambana nao sisi. Uzito utaulinda wewe. Ukifika siku ya upasuaji uko chini ya kilo arobaini na tano, hatutakupasua. Mwili hautastahimili."

Nilikuwa kilo arobaini na sita, na sweta zangu.

Wakanipeleka kwa dada wa lishe, binti mdogo tu, mpole. Alisema ugali basi, wali basi, nyama basi. Nitakunywa. Akanieleza habari za kalori, kwamba ni nguvu iliyomo ndani ya chakula, na kila chakula kina kiasi chake. "Wengi wanaokuja hapa nawafundisha kuzihesabu zisizidi," alisema. "Wewe, mama, zihesabu zisipungue." Akanipa lengo langu la siku, elfu mbili. Mimi nikamwambia Baba Deo njiani kwamba nimepewa hesabu, na hesabu ndiyo iliyonitoa shule. Hakucheka.

Aliyetupanga ni Oda, binti yetu wa mwisho, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Alinunua blenda, akatufundisha kutengeneza smuthi. Ndizi mbivu, parachichi, papai au embe, maziwa, na karanga zilizosagwa. Nilidhani matunda ni chakula cha watoto wanaporudi shule. Kumbe parachichi moja lina nguvu kama sahani ya ugali, angalau ndivyo Oda alivyosema, na sikuwa na cha kumpinga nacho. Akachukua chaki akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, kila kalori mia, mstari mmoja. Parachichi kubwa, mistari mitatu. Ndizi, mmoja. Vijiko viwili vya karanga, viwili. Kila siku mlango uonyeshe mistari ishirini. Asubuhi tunafuta, tunaanza upya."

Kikombe cha kwanza kilikuwa kizito na cha kijani, na kilipita. Nililia kidogo, si kwa uchungu. Nilikuwa nimesahau raha ya kitu kupita.

Oda aliporudi chuo, alikuja wifi yangu Restituta, dada yake Baba Deo, kutoka Kate. Restituta ni mpika pombe ya ulezi, anajulikana, watu wakisikia amepika hutoka vijiji vya mbali. Aliacha shughuli zake zote akaja na begi moja na vitambaa vyake. Nataka hili lieleweke vizuri kabla sijaendelea. Mtu ambaye hakuombwa aliacha mji wake akaja kunisafishia ndoo ya matapishi.

Dripu ya kwanza ilinipiga. Tulikuwa tunapanda basi hadi Mbeya, tunalala kwa binamu yake Baba Deo, natundikiwa dawa, tunarudi. Siku mbili za kwanza nilikuwa nasema mbona si kitu. Ya tatu nilikuwa siwezi kunyanyua kichwa. Nywele zilitoka pamoja na kitambaa nilichofunga. Kucha ziligeuka rangi ya udongo. Harufu ya kitunguu ikawa adui. Baba Deo akawa anakula ugali wake kwenye karakana, juu ya mbao, ili nisisikie harufu. Sikumwomba. Nilimwona tu dirishani, amekaa peke yake na bakuli, vumbi la mbao likimwangukia, na nikaogopa zaidi, kwa sababu alikuwa tayari anafanana na mjane. Sijui kama mwanamume anaitwa mjane au mgane. Ndivyo nilivyomwona.

Wageni nao walikuja, kama ilivyo desturi, na unga na kuku. Mimi nakaa kitandani na kikombe. Jirani mmoja alinong'ona, sauti ya kunong'ona ambayo watu wote chumbani wanaisikia, "Sasa mgonjwa hapewi ugali, atapona na nini?"

Restituta akamjibu, "Atapona na maembe ya Kaoze. Wewe umekula ugali miaka yote, mbona hujapona mdomo?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Hiyo ilikuwa dawa.

Ila wiki moja baada ya hapo ndipo nilipopaliwa. Restituta alikuwa ameweka mapera. Mbegu ikakwama. Sikuweza kumeza, sikuweza kutoa, mate yakajaa, hewa nikaivuta kidogo kidogo kama mtu anayenyonya kupitia tundu la sindano. Niliuona uso wa Restituta juu yangu, mdomo wazi, anamwita Mungu na mama yake aliyekufa. Ilitoka yenyewe nilipotapika. Lakini kuanzia siku ile alikuwa ananipa kikombe kwa mikono miwili. Akawa anasimama mpaka nimalize, macho kwenye shingo yangu.

Na kuanzia siku ile smuthi ikawa laini. Laini sana, inateleza kama chai. Nilifurahi. Sikuuliza. Ladha ilikuwa imepungua, lakini dripu ilikuwa imeniharibia ulimi, hata maji yalikuwa na ladha ya msumari. Nilikunywa vikombe vyangu vyote. Jioni Restituta alikuwa ananiita nitazame mlango. "Ishirini, wifi. Leo ishirini na mmoja, nimekuongezea karanga." Na alikuwa hachori mstari wa uongo. Nilimwamini wakati ule na ninamwamini sasa.

Mvua zikaanza. Watu wakaingia mashambani. Tukaenda Mbeya kwa dripu nyingine, na kwenye benchi nikakaa tena karibu na mama mmoja wa huko ziwani, Mwislamu, mcheshi, ambaye dripu iliyopita tulishirikiana shuka. Alikuwa na ugonjwa kama wangu. Aliniambia, "Usitazame uzito wa mwenzako kwenye mzani, na usihesabu viti vilivyo wazi. Tazama miguu yako." Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa imekonda mpaka ndala zinacheza.

Nikapanda mzani. Arobaini na moja.

Daktari alitazama kadi, akanitazama. "Unakunywa kiasi gani?"

"Elfu mbili, daktari. Kila siku. Tunachora."

"Kila siku?"

"Siku za kutapika hazifiki. Lakini nyingine zote zinafika."

Akaigeuza kadi, akaisoma upya. Ni kusoma kule ambako ningempa kilo zangu zote asikufanye. Kisha akasema kwa upole kwamba mtu anayepata chakula kile chote na bado anashuka, lazima tujiulize chakula kinakwenda wapi. Pengine ugonjwa umehama, umekaa mahali pengine unakula. Atanipiga picha upya nikirudi kwa dripu ya mwisho. Na kama sitapanda hadi arobaini na tano, upasuaji hautakuwepo hata picha zikiwa safi. Nilimuuliza bila upasuaji inakuwaje. Hakunidanganya. Namheshimu kwa hilo, ingawa siku ile nilimchukia.

Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni, nikisikiliza. Kila kilichochezacheza ndani nilidhani ndicho. Niliamini kabisa kwamba nina kitu ndani kinachokunywa smuthi zangu kabla yangu. Nyumbani nilianza kuogopa kikombe chenyewe. Nilikuwa nawaza, nikinywa nakilisha, nisipokunywa nakufa. Huo ndio mwezi mbaya kuliko yote, na kama wewe unayesoma uko humo, sina maneno mazuri ya kukupa. Nilikuwa nakunywa huku nalia, ndiyo hivyo tu. Baba Deo alianza kupanga mbao fulani pembeni ya karakana, mbao nzuri, ndefu. Sikumuuliza za nini. Alinieleza baadaye kwamba ni za kabati aliloagizwa na mtu, na labda ni kweli.

Siku moja mvua ilikatika, jua likatoka, nami nilikuwa na baridi ndani ya mifupa. Nikajikongoja hadi nyuma ya jiko kuota jua. Nilikuwa sijafika huko tangu Restituta aje. Alikuwa hataki nishike chochote. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu. Mbele yake sufuria, na mikononi kitambaa chake cha kuchujia pombe, kimejaa, anakikamua kwa ustadi, anakizungusha, kinatoa maji ya kijani hafifu. Akakamua mpaka ngumi zikawa nyeupe. Kisha akakifungua kitambaa, akatoa bonge zito, la kijani, linang'aa mafuta, akalitupa kwa nguruwe.

Nguruwe alilimeza. Alikuwa nguruwe mnene sana.

Restituta akamimina maji ya uvuguvugu kwenye kile kilichochujwa mpaka kikombe kikajaa, akakoroga. Akageuka, akaniona.

"Wifi! Baridi hii! Rudi ndani, nakuletea."

"Ile ilikuwa nini?"

"Ipi?"

"Uliyomtupia nguruwe."

"Machicha tu," alisema.

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Machicha. Mpika pombe anachuja. Cha maana ni maji, machicha ni ya mifugo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, ndivyo anavyofanya kila mpika pombe wa Ufipa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye kikombe changu mambo yamegeuka. Mistari yote mlangoni ilikuwa ya kweli. Parachichi liliingia kweli kwenye blenda, karanga ziliingia kweli. Halafu zilitoka upande wa pili.

Nitasema ukweli jinsi nilivyojisikia. Sikukasirika. Labda ningepaswa. Nilifurahi kukiona chakula changu mdomoni mwa nguruwe, kwa sababu sasa nilijua kilikokuwa kinakwenda.

Baba Deo yeye alikasirika. Alitoka karakana na randa mkononi. "Restituta! Umemnyima mke wangu chakula ukamnenepesha nguruwe?"

Restituta akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika kitambaa kifuani kama mtoto. Kisha akaingia ndani, tukasikia zipu ya begi.

Niliingia nyuma yake, nikishika ukuta. Alikuwa anakunja nguo zake bila kuzitazama.

"Nilitaka ipite," alisema. "Ile mbegu ya pera, wifi. Nilikuwa naiona kila nikifumba macho. Nikasema hakuna kitu kitakwama tena mikononi mwangu. Sikwenda shule, mimi. Nilijua nguvu iko kwenye maji, kama pombe. Mtu analewa maji, halewi machicha."

"Hata mimi sikuuliza. Ilikuwa inateleza, nikanyamaza."

"Nitarudi Kate. Nimekuua."

"Sijafa. Na ukienda, nani atanisagia karanga? Baba Deo? Huyu hata chai anaiunguza."

Kutoka nje Baba Deo akasema, "Nasikia."

"Sikia vizuri basi," Restituta akasema, na ile ilikuwa sauti yake yenyewe. Akabaki.

Kazi ikaanza upya, na hofu ikabadilika sura. Sasa ilibidi ninywe kizito. Cha kwanza nilikishika mpaka kikapoa. Restituta alikaa mbele yangu, ndoo miguuni, na Baba Deo mlangoni, kama watu wanaongoja mbio zianze. Nikameza. Kikasimama. Nikahisi macho yananitoka, nikamwona Restituta ananyanyuka. Nikamwonyesha mkono, subiri. Kikashuka, polepole, kwa maumivu. Nikameza tena.

Restituta aliacha mapera, na chochote chenye mbegu. Papai alilikwangua kwanza. Karanga alizisaga kwenye jiwe mara tatu, mpaka zinakuwa kama losheni, ndipo ziingie kwenye blenda. Umeme ukikatika alitwanga ndizi kwenye kinu na kupitisha kwenye chujio la chai, akisukuma kwa kijiko mpaka chujio libaki tupu, kisha analeta chujio nilione. Kila mara. "Tazama. Hakuna kitu." Kitambaa alikikunja akakiweka chini ya godoro lake. Mistari tuliongeza ikawa ishirini na tano, maana nilikuwa namdai nguruwe. Nilitapika baadhi. Tuliifuta mistari ya nilichotapika. Mimi ndiye niliyeshikilia ifutwe. Restituta alisema ninajipunja. Nilisema kama kuna jambo lililonifikisha hapa ni mistari iliyobaki mlangoni wakati chakula hakipo.

Tulipoondoka kwenda Mbeya safari hii Restituta alikuja nasi. Hofu yangu ilikuwa imerudi yote. Machicha yangeweza kuwa sababu, na bado ugonjwa ukawa umehama vilevile. Vitu viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Hilo nililijua hata bila shule. Kwenye benchi yule mama wa ziwani hakuwepo. Nilitazama mlango kila ulipofunguka. Labda walimbadilishia tarehe. Sijui, na sitaki kumzika mtu kwa kukosa kumwona.

Picha nilipigwa asubuhi. Majibu baadaye. Kwanza mzani.

Nilikuwa na sweta mbili, kanga mbili, kitenge, koti la Baba Deo na viatu vyake vya ngozi, maana ndala zilikuwa zinanitoka. Restituta akaninong'oneza, "Usivue kitu. Hawajakuambia uvue."

"Wakinipasua kwa kilo za koti, nitakufa mimi, si koti."

"Basi bakisha sweta moja tu, wifi, nakuomba."

Nikavua koti. Nikavua sweta zote, kanga zote. Nikavua viatu. Watu kwenye foleni wakatazama pembeni, na mzee mmoja akamwambia mwenzake kwamba yule mama amechanganyikiwa. Nikapanda na gauni langu na mifupa yangu. Sikutazama chini.

"Arobaini na tano," alisema nesi. "Na kitu kidogo."

"Pima tena."

"Mama?"

"Tafadhali. Pengine umesoma vibaya."

Nikashuka, nikapanda. Arobaini na tano na kitu kidogo. Nikaomba tena. Nesi akaniambia, si kwa ukali, "Mama, mzani haubembelezwi. Ukikataa, unakataa. Umekubali. Shuka uvae, utapata nimonia."

Restituta alikuwa amekaa sakafuni na nguo zangu mapajani, analia kwa sauti hadi mlinzi akaja.

Picha zilikuwa safi kadiri walivyoweza kuona. Hayo ndiyo maneno ya daktari, nimeyaweka kama alivyoyasema, sikuongeza. Walinipasua mvua zikiwa nyingi. Sikumbuki mengi ya siku zile ila kiu, na mkono wa Baba Deo wenye harufu ya mbao. Nimebaki na kovu refu na tumbo dogo. Nakula kidogo kidogo, mara nyingi, na hadi leo kikombe kimoja cha asubuhi ni smuthi. Kila miezi fulani narudi kupigwa picha, na wiki ile kabla ya picha sifai kitu. Naamka nashika shingo. Nikikohoa, kila mtu nyumbani anageuka kunitazama.

Restituta amesharudi Kate na pombe yake. Wiki iliyopita ilikuwa wiki ya picha. Alipiga simu.

"Shikamoo, mgonjwa," alisema, akinitania, maana yeye ni mkubwa kwangu.

"Marahaba, mpika pombe."

"Unaendeleaje?"

"Naogopa, wifi. Sikudanganyi. Mwaka umepita na bado naogopa kama siku ya kwanza."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kimekaa?"

"Kimekaa."

"Basi ogopa," alisema. "Ila ogopa ukiwa umeshiba."